Basi ao Bisi: Historia ya Gari Letu



Katika mikutano miwili iliyopita kulitokea maulizo mawili ambayo komite haikuweza kuyajibu kwa maneno mafupi. La kwanza lilitoka kwa wafadhili: kwa nini makuta ya chama yaliingia katika gari lililokufa, wakati kulikuwa watu tayari kuchangia gari lingine lenye nguvu? La pili linaulizwa hapa nyumbani, na ni kali zaidi: hili bisi ni la nani? Mtoto wa mfanyabiashara aliyekuwa nalo zamani amekuja kulidai, sasa kwa kuwa linatembea. Njo maana tumeona vema kuandika historia yake, wakati wazee walioshika nyundo bado wako hai na wanaweza kutusahihisha. Tutaanzia mbali kidogo. Mwenye haraka anaweza kuruka, lakini asije kesho kutuuliza mambo ambayo tumekwisha kuyaandika.

Barabara inayopita mbele ya nyumba zetu, toka Uvira kushuka Makobola, Swima, Mboko, Nundu, Lusenda, Lweba paka Baraka na Fizi, ni kipande cha barabara ya taifa namba 5, ile inayotoka Lubumbashi na kupanda paka Bukavu. Kwenye ramani ni mstari mzuri. Kwenye matope ni jambo lingine: mkono mmoja mlima, mkono mwingine ziwa, na kila mto unaoshuka toka mlimani unaikata njia wakati wa mvua. Wakati wa Wabelgiji kulikuwa reli ndogo kati ya Uvira na Kamanyola, ile waliyoiita Cefaki. Ilianza kazi katika miaka ya 1930, na kabla ya uhuru ilikuwa imekwisha kung'olewa. Kusini mwa Uvira, upande wetu, reli haikufika hata siku moja. Wazee wetu walisafiri kwa mtumbwi, kwa boti, ao juu ya magunia ya mihogo ndani ya kamio, jua la Mungu kichwani. Aliyepata nafasi mbele karibu na shofa alikuwa mtu mkubwa, ao mama mwenye mimba.

Halafu tarehe 30 mwezi wa 11 mwaka 1973 Mobutu akatangaza ile tunayoiita zairianizasio. Maduka, mashamba na garaji za wageni zikapewa wenye nchi. Kwa maneno lilikuwa jambo la haki. Lakini mara nyingi aliyepewa alikuwa mtu wa chama ao ndugu ya mkubwa, wala si yule fundi aliyekuwa analala chini ya gari miaka yote. Stoku ikauzwa, makuta yakaliwa, pyesi mpya hazikuagizwa tena. Aliyekuwa na kamio aina ya Mercedes ao Bedford akajikuta peke yake na fundi wake. Hapo mafundi wa Kongo walijifunza kazi ambayo hakuna shule inaifundisha: kutengeneza pyesi moja kutoka katika pyesi nyingine, na kulipa gari moyo wa gari lingine.

Tuwakumbushe pia vijana jambo ambalo wengi hawalijui. Mwaka 1955, Kinshasa ilipokuwa bado inaitwa Léopoldville, ilikuwa na mabisi 12 ya umeme yaliyotengenezwa Uswisi. Yaliitwa jirobisi. Hayakuwa na waya juu wala mazuti ndani. Chini ya sakafu kulikuwa gurudumu zito la chuma. Bisi likifika kituoni lilinyosha mikono yake juu, likachukua umeme, gurudumu likazungushwa kwa nguvu, na kisha nguvu ya kule kuzunguka ndiyo iliyolisukuma bisi paka kituo kingine. Maajabu ya kweli. Mwaka 1959 yakasimamishwa yote. Yalikula umeme mwingi, na mashofa walipokatiza katika njia za udongo zilizojaa maji, beringi za lile gurudumu ziliumia. Mashini ilikuwa nzuri, lakini haikufanana na njia iliyopewa. Mfadhili anayetuuliza kwa nini hatukutafuta gari jipya kabisa, lenye kompyuta ndani, tungependa afikirie kidogo habari ya jirobisi.

Yaliyodumu Kinshasa ni mambo mengine. Kulikuwa fula-fula, yaani kamio zilizogeuzwa bisi kwa kupewa nyumba ya mbao na mabenchi. Baadaye zikaja Mercedes 207 zilizochakaa Ulaya. Ulaya zilibeba mizigo, Kinshasa zikabeba watu. Sudere alichukua chombo, akakata madirisha katika tole, akaweka mabenchi, na kesho yake gari likaingia kazini. Watu wakazipa jina la Kifaransa esprit de mort, roho ya mauti, na hawakuwa wanatania. Tole ya pembeni ni sehemu ya mifupa ya gari. Ukiikata bila kurudisha nguvu yake kwa chuma kingine, siku gari linapopinduka, paa linawafunika waliomo. Mwaka 2013 serikali ilileta kampuni ya Transco na mabisi makubwa ili watu wa mji mkuu wapumue. Tunalisema hili mapema kwa sababu gari letu nalo lilikatwa, na jinsi lilivyokatwa ndiyo sehemu ya historia hii tunayojivunia kuliko zote.

Kuna chombo kingine kilichowatia moyo mafundi wetu, na hiki wengi wenu mmekipanda: meli Liemba. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa ndani ya masanduku paka Kigoma na kuunganishwa tena, ikaingia ziwani mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwezi wa 7 mwaka 1916 Wajerumani walipoona wanashindwa, waliizamisha wao wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi wake walipaka mashini zake girisi nzito. Wazeni kidogo akili ya wale watu: wanaitupa meli chini ya maji, na wakati uleule wanaitengenezea siku ya kurudi. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba. Katika miaka ya 1970 ikatolewa mashini ya mvuke, ikapewa ya mazuti. Mwaka 1997, baada ya Mobutu kuanguka, HCR iliitumia kuwarudisha Wakongomani waliokuwa wamekimbilia Tanzania: safari 22 kati ya Kigoma na Uvira kwa muda wa miezi mitano, watu zaidi ya 75,000. Baadhi ya wanamemba wetu walikuwamo. Na baadhi ya hao, mwezi wa 8 mwaka 1998 vita vya pili vilipoanza, walifunga tena vitunguri vyao na kuvuka ziwa mara ya pili.

Ya kambini hatutayarudia yote, kila mmoja anayo yake. Nyarugusu, katika wilaya ya Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996. Lugufu ilifungwa mwaka 2009. Kutoka nje ya kambi zaidi ya kilomita 4 bila ruhusa kulikuwa kosa. Linalohusu historia hii ni moja: mtu aliyefungiwa ndani ya kilomita 4 kwa miaka saba, minane, kumi, anatafuta kazi ya mikono. Wengine walijifunza kushona, wengine useremala, na wengine walijifunza kusudere kwa kutengeneza baiskeli, kwani kambini baiskeli ndiyo ilikuwa kamio, taksi na gari la wagonjwa. Mwaka 2005, mwezi wa 10, safari za kurudi toka Kigoma paka Baraka zilipoanza, watu walishuka bandarini na mabati, mablanketi, sufuria na chakula cha kuanzia. Ujuzi wao haukuandikwa kwenye karatasi ya HCR, lakini nao ulishuka melini.

Hapa tuseme kweli, maana gazeti hili ni letu. Waliobaki hawakutupokea wote kwa ngoma. Walikuwa wameishi vichakani, wamekula majani, wamezika watu wao bila sanda. Machoni pao sisi tulikuwa watu wa kula mahindi ya ONU, na sasa tumerudi tunadai mashamba. Hata Kiswahili chetu kiliwachekesha. Sisi tulisema basi, wao bisi. Sisi spana, wao kle. Sisi spea, dizeli, tairi, bolti. Wao pyesi, mazuti, pine, buloni. Mtoto aliyesema "naomba" sokoni aliitwa Mtanzania, na haikuwa sifa.

Sasa gari lenyewe. Ni Toyota Coaster, moja ya zile zilizotumika kwanza Japani, zikauzwa Dar es Salaam, zikafika Kigoma na kuvushwa kwa boti paka Kalundu. Mwenyewe alilitembeza kati ya Uvira na Baraka kwa muda. Siku moja, karibu na Lweba, mashini ilizimika kwa kishindo na haikuwaka tena. Likavutwa paka uwanja wa nyuma ya depo lake, na pale likakaa misimu mingi ya mvua. Viti viliondoka kimoja kimoja. Kuku walitagia ndani. Mti wa mpapai ulitoka pale penye taa ya mbele, na tunaambiwa ulizaa.

Fundi wetu mzee, mmoja wa waliobaki, ndiye alikuwa wa kwanza kulitazama kwa jicho lingine. Wakati wa vita na baada yake alikuwa ametengeneza Land Cruiser za mashirika na za hospitali. Alipofungua kifuniko cha mashini ya lile Coaster na kufuta vumbi, akaita watu: ni 1HZ. Kwa wasio mafundi tueleze. 1HZ ni mashini ya mazuti ya silinda 6, lita 4.2, isiyo na turbo wala kompyuta. Pompi yake ya mazuti ni ya chuma kitupu, mtu anaifungua kwa kle na kuirudisha. Na ndiyo mashini ileile iliyo ndani ya Land Cruiser nyingi nyeupe zinazopita katika barabara yetu kila siku. Maana yake, toka Bukavu paka Fizi hakuna mji usio na mtu anayeijua, wala soko ambalo huwezi kupata chujio lake. Hili ndilo jibu letu kamili kwa ulizo la wafadhili. Gari jipya lingekuja na raha yake, lakini siku ya kwanza taa nyekundu ikiwaka katika dashibodi tungelipeleka wapi? Hili letu liliharibika mahali ambapo watu wanaujua ugonjwa wake.

Na ugonjwa ulionekana haraka. Ndani ya 1HZ kuna mkanda wa mpira unaofungamanisha kazi ya pistoni na ya supapu. Mafundi huubadilisha kila kilomita 100,000 hivi, maana ukikatika gari likitembea, pistoni zinapanda na kugonga supapu zilizo wazi. Ule wa kwetu ulikuwa umekatika. Kulasi ilipotolewa, supapu 12 zilihesabiwa moja moja juu ya gunia, na nyingi zilikuwa zimejipinda kama misumari ya zamani. Lakini pistoni zilikuwa na alama tu, hazikutoboka. Na kitu kingine: mtu fulani, baada ya gari kufa, alikuwa amemimina mafuta mazito ndani ya silinda zote, kutu haikuingia. Nani alifanya hivyo? Tumeuliza sana. Shofa wa mwisho wa lile gari alihama Kalemie, na wengi wanadhani ni yeye. Wale waliojua habari za girisi ya Liemba walichekelea siku nzima.

Kabla ya kugusa buloni hata moja, komite ilienda kuzungumza na mwenye gari. Hilo liandikwe wazi. Tulikaa naye mbele ya shefu wa kartie, pamoja na mashahidi wanne, wawili wa upande wake na wawili wa upande wetu. Alitaka uwanja wake uwe mweupe. Bei ilikuwa mbuzi wawili, pamoja na milango miwili ya chuma kwa ajili ya depo lake, kazi ya mikono ya wanamemba wetu. Karatasi inasema ameacha "gari bovu na vyote vilivyomo", na ameweka kidole na sahihi. Milango ile iko paka leo, anayetaka aende kuitazama.

Kisha ikaanza kazi, na ilikwenda polepole kuliko tulivyotaka. Tulichanga kwa likelemba kila mwisho wa mwezi, lakini si kila mtu ana makuta, na pyesi zinauzwa kwa dola. Kwa hiyo daftari la mama mweka hazina lina kurasa za ajabu: fulani, dola mbili, fulani, ndoo ya unga wa mihogo, fulani, bidoni ya mafuta ya mawese, fulani, siku tatu za kupiga msasa. Siku za Jumamosi tuliita salongo. Wazee wawili watatu hawakulipenda neno lile, liliwakumbusha wakati wa kuamshwa kwa filimbi na kulimishwa kwa nguvu chini ya Mobutu. Wakaja hata hivyo, na wakakataa kuitikia jina la kazi waliyokuwa wanaifanya.

Kulasi ilipelekwa Bujumbura kusawazishwa, ikavuka Kavimvira juu ya pikipiki, imefungwa ndani ya blanketi kama mgonjwa. Mkanda, supapu na gasketi vilinunuliwa Kigoma na rafiki mmoja Mtanzania, jirani ya kambi wa zamani, aliyekuwa akituuzia mafuta ya taa. Alivituma kwa boti ya dagaa. Hakutaka faida. Alitaka tu picha ya gari siku litakapowaka, na picha ametumiwa.

Kazi kubwa ilikuwa mlango. Japani, kama Tanzania, magari yanapita kushoto, kwa hiyo mlango wa abiria wa Coaster uko mkono wa kushoto. Huku kwetu, kama Burundi na Rwanda, tunapita kulia. Bisi likisimama kando ya njia, mlango unafunguka katikati ya barabara, pale pikipiki zinapopita bila kuangalia. Mwenyewe wa zamani alikuwa amelitembeza hivyohivyo. Sisi tulijua tutabeba wamama wenye mimba, wagonjwa na watoto, na hatukukubali washushwe upande wa kifo. Lakini kukata ubavu wa kulia ni kufanya yaleyale yaliyowapa watu wa Kinshasa roho ya mauti.

Sudere aliyejua njia hakuwa wa kwetu kabisa. Ni mkimbizi toka Burundi, wa kambi ya Lusenda, ile iliyofunguliwa mwaka 2015. Kwao alikuwa anatengeneza mabodi ya magari. Aliwaambia vijana waweke chini mashini ya kukatia. Kwanza alifunga mifupa mipya ndani ya gari: tibu za chuma toka sakafuni paka darini, mbele na nyuma ya mahali pa mlango, na nyingine ikipita juu kwa urefu. Gari likawa kama ndege ndani ya tundu. Baada ya hapo ndipo akakata. Hakutengeneza mlango mpya. Alilitoa fremu lote la kushoto likiwa zima, akaligeuza, akaliingiza upande wa kulia nyuma ya kiti cha shofa. Lile tundu la kushoto alilifunga kwa tole nene ya kamio la kale, na ndani yake akaweka tena tibu mbili za kukingamana. Umeme ulitoka katika gurupu la kukodi lililokuwa linazimika kila nusu saa. Kila lilipozima, sudere alikaa chini, akanywa chai, wala hakukasirika. Usukani tuliuacha kulia ulipo. Kuuhamisha kunagusa mambo ya breki na ya kupinda, na fundi mzee alisema hatalala usingizi.

Hapo ndipo jambo la basi na bisi lilikwisha, ingawa hakuna aliyetangaza. Kijana aliyekulia Nyarugusu, akiwa chini ya gari, alilia "Papa, nipe spana ya kumi na nne", na fundi mzee akampa kle ya 14 bila neno. Wiki ya tatu yule kijana alikuwa anaomba kle na mzee anajibu "chukua spana yako". Mrundi naye alikuwa na majina yake. Mwisho wa kazi chombo kile kilikuwa na majina matatu na kila mtu aliyaelewa.

Mabadiliko mengine tutayasema kwa ufupi. Safu mbili za viti za nyuma hazikurudishwa. Pale kuna nafasi ya machela, yenye kulabu nne za kuifunga, na siku isiyo ya mgonjwa inabeba mizigo ya wamama wa soko. Resori za nyuma ziliongezwa jani moja. Bomba la kuvuta hewa lilipandishwa paka karibu na paa, kwa ajili ya mito. Rangi ni ya buluu kwa sababu wavuvi walitupa ile inayobaki wanapopaka boti zao. Ukitazama vizuri utaona buluu tatu.

Ilipowaka mara ya kwanza ilitoa moshi mweupe hata watu wakakimbia. Fundi mzee aliiacha ingurume, akalegeza njia za mazuti moja moja kutoa hewa, na baada ya muda sauti ikakaa. Safari ya kwanza ya kazi haikuwa ya sherehe. Ilikuwa mama aliyeshikwa na uchungu usiku wa mvua, mtoto amekaa vibaya. Walifika hospitali kabla ya asubuhi, na wote wawili wanaishi. Toka siku ile daftari la safari linaonyesha wagonjwa, wanafunzi wa mitihani, mihogo, na maiti pia, za waliorudi na za waliobaki. Hakuna ukurasa unaotenganisha.

Sasa dai. Mtoto wa mwenye gari, baba yake akiwa amekwisha kufariki, anasema kilichouzwa ni chuma chakavu, si bisi, na kwamba shasi na mashini ni vya familia. Hatutaki kumvunjia heshima. Baba yake alitutendea vema. Lakini tunamwuliza kwa upole: lile gari lingekuwa wapi leo? Karatasi haisemi chuma chakavu. Inasema gari bovu na vyote vilivyomo. Na kama haki ingekuwa ya shasi peke yake, basi mlango, kulasi, supapu, mifupa, viti, rangi na pine vingekuwa vya nani? Komite iko na maoni mawili ndani yake na hatutayaficha. Wengine wanataka shauri lipelekwe mbele na liishe. Wengine wanataka tuipe familia mbuzi wengine wa heshima, na safari za bure kwa mjane, kwa sababu kesi moja hapa inaweza kuamsha kesi hamsini za mashamba kati ya waliorudi na waliobaki. Kwa maoni ya anayeshika kalamu kwa niaba ya wote, hii njia ya pili ni ya akili zaidi, mradi karatasi mpya iandikwe na familia nzima iweke sahihi.

Mkutano mkuu ndio utakaokata. Kati ya mashahidi wanne, mmoja amefariki na mmoja amehamia Uvira. Aliye na habari yake, ao aliyekuwapo siku ile uwanjani hata kwa kupita tu, tunamwomba afike kwa shefu wa kartie kabla ya siku ya mkutano. Karatasi ya kwanza iko kwa mama mweka hazina, na kopi ziko mbili. Wafadhili wanaouliza mahitaji: pine mbili za nyuma zimekwisha meno, na mkanda wa mashini utahitaji kubadilishwa kabla ya mvua.